Mbele ya kuwasha kamera, tuangalie namna wengine walianza



Wadogo zetu wa agro wenye wanaandaa filamu fupi juu ya makala walituma plani yao mu kundi, wakaomba maoni. Majibu yalikuwa hongera, vidole gumba, na mtu mmoja akauliza kama kutakuwa soda siku ya kuonesha. Mimi nilisoma plani yote, kurasa sita, kisha nikarudi ku ukurasa wa kwanza na nikakaa pale. Nataka kuzungumza juu ya huo ukurasa wa kwanza tu, juu njo wenye unaamua zingine tano.

Kwa wale hawakuisoma: filamu ni ya dakika 12. Inamfuata mama mmoja wa hapa Ndosho mwenye anauza makala kando ya barabara. Sekunde 90 za kwanza zimepangwa hivi. Droni inapita juu ya Nyiragongo, inashuka mpaka ku ziwa. Maandishi meupe juu ya weusi: vita, wakimbizi, volkano, kila neno na mwaka wake. Msitu wa Virunga umekatwa, moshi unapanda. Halafu uso wa mama, karibu sana, hasemi kitu. Piano ya huzuni. Jina la filamu.

Kwa macho si mbaya. Lakini mtu yeyote wa Goma mwenye amekaa mbele ya televisheni anajua huo mwanzo kwa kichwa, juu ni mwanzo wa filamu za ONG. Volkano, vita, uso. Unaweza kuziba macho na bado ukajua picha gani inafuata. Sasa, kitu chenye mtazamaji anakijua mbele ya kukiona, kwa nini tupoteze betri kukipiga?

Hesabu kidogo, juu sisi ni watu wa hesabu. Sekunde 90 ndani ya dakika 12 ni sehemu moja ya nane. Ni sawa na mkulima mwenye iko na shamba la mita mia nane akaweka mia moja zote kuwa njia ya kuingilia.

Kabla ya kusema wafanye nini, nilifanya kazi moja yenye nawaomba nao wafanye. Nilichukua mianzo ya filamu ine nikaisoma kwa karatasi. Karatasi ina safu ine: sekunde ya ngapi, tunaona nini, tunasikia nini, na ya mwisho yenye inauma kichwa: sasa mtazamaji anajua nini chenye hakujua mbele. Unaangalia mara moja kawaida. Mara ya pili unaondoa sauti. Mara ya tatu unageuza simu kichwa chini na unasikiliza tu. Dakika mbili za filamu zinakula nusu saa nzima, lakini ukimaliza unaanza kuona kama mwanzo umechimbwa shimo la udongo, unaona tabaka kwa tabaka.

Tuanze na ile kila mtu wa Goma anataja: Virunga, ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, ya 2014. Inaanza na mazishi ya mlinzi wa hifadhi. Wanaume wamevaa uniforme, jeneza, kaburi, wimbo. Hapo hujaambiwa historia yoyote. Hujui hata nani ni nani. Lakini safu ya ine ya karatasi yangu ilijaa haraka: kuko kazi hapa yenye inaua watu, wenzao wanawazika wenyewe, na kesho watarudi ku kazi. Huo ni mwanzo wenye nguvu. Hakuna mtu analia mbele ya kamera ili sisi tumhurumie. Watu wanafanya kitu, na sisi tunawatazama wakifanya.

Kisha filamu inafanya kitu kingine. Inaacha kaburi na inafungua picha za zamani: ukoloni, uhuru, vita moja baada ya ingine, mpaka mafuta ya chini ya ziwa Edouard. Miaka zaidi ya mia inapita mbio. Hapa safu yangu ya ine ilikauka. Kwa mtu wa London au Chicago ilikuwa lazima, bila hiyo angepotea njiani. Kwa mtu wa Ndosho, kuambiwa kama 1994 ilipita hapa ni kama kumwambia kama mvua inalowesha. Kwa hiyo mwanzo wa Virunga unatuambia wazi filamu ilikuwa inasema na nani. Sio dhambi. Ilitengenezwa kwa ajili ya dunia, na dunia iliiona: mwezi wa 6 mwaka 2014 kampuni ya Soco ilitangaza itasimamisha kazi yake mu hifadhi (si filamu peke yake ilifanya hiyo, kulikuwa watu wengi wenye walisukuma), na 2015 filamu ilikuwa kati ya zile zenye ziligombea Oscar.

Wadogo zetu walichukua nini kutoka Virunga? Waliacha mazishi, wakachukua ile ya pili. Waliacha mfupa wenye nyama. Na sehemu yenye walichukua ilikuwa ya filamu ya dakika mia, yenye inaweza kulipa hiyo deni baadaye. Filamu ya dakika 12 hailipi.

Ya pili ni Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, 2017. (Kwa ndugu wa Tanzania wenye wanatusoma: kwenu makala ni maandishi kama haya. Hapa ni ile ya kupikia.) Ilipigwa Katanga, karibu na Kolwezi, na inamfuata kijana anaitwa Kabwita mwenye anakata mti, anachoma makala, anasukuma gunia juu ya kinga mpaka mujini. Filamu inaanza na yeye anatembea na shoka ku bega. Kamera iko nyuma yake. Anatembea. Hakuna sauti ya mtu wa kueleza, hakuna maandishi ya mwaka. Anafika ku mti mukubwa, anautazama, anaanza kupiga. Anapiga, anapiga, anapiga. Mpaka unaanguka.

Nakubali kama mimi si mtazamaji wa haki kwa hii filamu. Nimesoma udongo na mimea, na hakuna siku nimeona mtu anaheshimu muda wa kukata mti namna hii. Mu kozi tuliambiwa namba: tanuru ya udongo ya kienyeji, kilo 100 za kuni zilizokauka zinatoa mara nyingi kilo 10 mpaka 20 za makala, zingine zinaenda na moshi. Tuliandika, tulifaulu, tukasahau. Gras hasemi namba hata moja, lakini ukimaliza ule mwanzo unaijua namba ku mabega yako. Mti wote huo, asubuhi yote hiyo, na bado hakuna hata fungu moja la makala. Na wakati Kabwita anafika mujini na watu wanapunguza bei, wewe unakasirika kama vile ulikuwa naye. Hasira hiyo ilipandwa mu dakika za kwanza.

Kuko vitu sipendi. Picha ni nzuri mpaka mahali fulani unasahau kama mtu amechoka, unafikiri jua limewekwa pale kwa ajili ya kamera. Na muziki wa nyuzi unakuja kusukuma moyo wakati gunia peke yake lilikuwa linatosha. Lakini mwanzo, mimi siugusi.

Sasa, angalisho. Nilipotaja Makala mu kundi, mmoja wa wadogo alijibu mbio: “Basi yaya, na sisi tuanze na mti unaanguka!” Hapana, mdogo wangu. Kabwita anakata mti, ndiyo sababu filamu yake inaanza na mti. Mama wa Ndosho hakati mti. Kazi yake inaanza na gunia. Ukiweka mti unaanguka mbele yake, hujaiga Gras, umesema kitu kingine kabisa, na nitarudi hapo juu njo pale penye kunanitia woga.

Ya tatu ni Félicité ya Alain Gomis, nayo ya 2017, yenye ilipata zawadi kubwa ya FESPACO mwaka ule. Kinshasa, usiku, bar. Watu wanakunywa, wanagombana kidogo, wanacheka. Kati yao mwanamke mmoja amekaa, anatazama, hana haraka ya kumfurahisha mtu. Kisha anaimba, na kila kitu mu ile bar kinageuka. Ni Véro Tshanda Beya mwenye anacheza hiyo nafasi, nyuma yake Kasaï Allstars wanapiga.

Habari ya filamu ni mbaya: mtoto wake anapata ajali ya moto, hospitali inaomba pesa mbele ya kupasua mguu, na yeye anazunguka muji mzima kutafuta. Sisi wa Goma hatuhitaji kueleweshwa. Nani kati yetu hajachangia mguu wa mtu? Lakini angalieni: Gomis iko na hii habari yote mu mfuko, na haitoi. Kwanza anatupatia mwanamke mwenye iko na sauti, mwenye watu wanamtazama, mwenye iko na kiburi chake. Shida inapokuja, inamkuta mtu. Kama angeanza na hospitali, shida ingekuja kwanza na mtu angekuja nyuma yake kama mfano wa shida.

Nikarudi ku plani ya wadogo, ile safu ya ine. Sekunde ya 90: tunajua nini juu ya mama? Kama iko na huzuni. Hatujui sauti yake. Hatujui kama anapenda kucheka, kama ni mkali na wateja, kama ile makala yake ni nzuri kuliko ya jirani. Piano imetuambia tumhurumie na tumetii.

Ya ine ni ya zamani, na kwa mimi njo mzazi wa kweli wa filamu ya wadogo: Borom Sarret ya Sembène Ousmane, ya 1963. Ni filamu fupi, kama dakika 20, ya Dakar. Mtu wa mkokoteni wa farasi, siku moja ya kazi yake. Inaanza na msikiti na sala. Anaomba, anatoka, anaenda kutafuta pesa. Basi. Sembène alikuwa amefanya kazi ku bandari ya Marseille mbele ya kwenda kusoma sinema Moscow, alijua siku ya kazi ina harufu gani. Mu dakika mbili ameweka mbele yetu vitu vitatu: mtu, imani yake, na mkokoteni wake. Filamu yote inayofuata ni kuona ni kipi kati ya hivyo atarudi nacho nyumbani. Wenye mnajua chukudu mnaelewa bila mimi kuendelea.

Kuko jambo la ufundi pia. Ile sauti ya borom sarret, yenye inasema ndani ya kichwa chake, iliwekwa baadaye, juu ya picha. Kwa sisi wenye hatuna mikro nzuri, na barabara ya Sake inapiga kelele ya malori tangu alfajiri, hii ni habari njema. Mama anaweza kuongea siku ingine, nyumbani kwa jirani mwenye mlango unafunga, na sauti yake ikawekwa juu ya picha za kazi. Sauti nzuri ya simu ya kawaida mu chumba chenye nguo nyingi inashinda mikro ya bei mu upepo.

Sasa nirudi pale penye woga.

Mu plani, msitu uliokatwa unafuatwa na uso wa mama. Picha mbili, moja baada ya ingine, hakuna neno kati yao. Miaka zaidi ya mia iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alionesha kitu chenye kila mwenye anashika kamera lazima ajue: alichukua uso wa mchezaji mmoja, uso ule ule, akauweka baada ya sahani ya chakula, baada ya maiti, na kadhalika. Watazamaji waliona njaa, kisha waliona majonzi. Uso haukubadilika. Kichwa cha mtazamaji njo kilifanya kazi.

Basi wekeni msitu wa hifadhi unaotoka moshi, kisha uso wa mama. Mtazamaji ataona nini? Ataona mwenye kosa. Hamjasema, hamjaandika, na mkiulizwa mtaapa hamkutaka. Lakini filamu itakuwa imesema: huyu mama anauza miti ya hifadhi. Kukata na kuchoma ndani ya Virunga ni kosa mbele ya sheria. Na kila mtu hapa anajua kama biashara ya makala inapita mu mikono ya watu wenye silaha, na kuko watu hawapendi kuona njia ya gunia inachorwa. Mama huyo anauza kando ya barabara, kila siku, mahali pamoja. Anapatikana.

Na tunajua gunia lake linatoka wapi? Plani haisemi. Inaweza kutoka mu hifadhi. Inaweza kutoka mu mikaliptusi ya mtu wa Masisi. Tangu 2007 kuko mradi wa EcoMakala wa WWF wenye umesaidia wakulima wadogo kuzunguka hifadhi kupanda miti ya haraka juu ya makala, mikaliptusi, grevillea na mingine. Nani atasema kama gunia hili halikutoka pale? Makala ikifika Ndosho ni nyeusi tu. Hata mimi na lisanse yangu, ukinipatia kipande ku mkono, nitakuambia kama ni ya mti mgumu ao mwororo, kama ilichomwa vizuri, lakini sitakuambia mti ulisimama upande gani wa mpaka.

Na hapa ukurasa wa ine wa ile plani unatoa ushahidi dhidi ya ukurasa wa kwanza. Wadogo wenyewe, kwa heshima kubwa, waliandika yale mama aliwaambia siku walienda kumwomba. Alikubali. Lakini aliuliza kitu kimoja: “Mutanionesha sawa bale bantu ba mu kambi?” Na wao wakajibu hapana, mama, tutaonesha kazi yako. Hiyo imeandikwa. Sasa someni tena ukurasa wa kwanza: uso karibu, hasemi, piano, baada ya neno wakimbizi. Ni kabisa picha yenye aliwaomba wasimpige. Hakuna mtu wa mbali mwenye aliwalazimisha. Walikuwa na jibu mu daftari yao, na mkono ukaandika ile yenye macho yalizoea.

Huu ugomvi si mpya mu muji wetu. Mholanzi Joris Postema alikuja kupiga hapa Stop Filming Us, ya 2020, na swali la filamu lilikuwa hilo hilo: mzungu anaweza kuonesha Goma bila kurudia picha zile zile? Lenye lilinivutia zaidi ni jibu: 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa walitoa Stop Filming Us But Listen, wakachukua vitu vya ile ya kwanza, wakapanga upya, wakaongeza vyao. Watu wa muji ule ule, picha zingine zile zile, mpangilio mwingine, na filamu inasema kitu kingine. Mwenye bado anafikiri mpangilio ni mapambo aangalie hizo mbili kwa usiku mmoja. Na Petna Ndaliko Katondolo, mwenye festivali yake ya filamu hapa Goma ilianza 2005, iko na neno kwa namna yake ya kupiga: Ejo Lobi. Ejo ya Kinyarwanda, lobi ya Lingala, na zote mbili zinaweza kuwa jana ao kesho. Nalipenda lile neno kwa sababu moja tu: linakukataza kuanza kila filamu ya Goma na orodha ya jana.

Najua maneno yenye yatakuja chini ya hii, juu yalishakuja mu kundi. “Yaya, kama hakuna volkano, majaji watajua namna gani kama ni Goma?” Swali ni zuri. Jibu liko chini ya miguu. Gunia la mama limekaa juu ya nini? Juu ya jiwe jeusi. Ukuta wa nyuma yake ni wa nini? Wa jiwe jeusi. Piga gunia linawekwa juu ya lava, usikie ile sauti ya kukwaruza, na volkano imeingia mu filamu bila droni na bila maandishi. Hii barabara yetu njo watu walipita mwezi wa 5 mwaka 2021 kuelekea Sake, magodoro ku kichwa. Mwenye alitembea siku ile hahitaji kuoneshwa Nyiragongo kutoka juu. Na kuhusu droni yenyewe: mu anga ya Goma, siku hizi, mtu mwenye akili hairushi. Tuishie hapo.

Mwingine aliandika kama filamu isipogusa hifadhi itakuwa “filamu ya biashara ndogo”, haitakuwa ya agronomia. Hapo nakubali nusu. Filamu ya wanafunzi wa agro lazima iulize mti unatoka wapi. Lakini iulize dakika ya saba, na mdomo wa mtu mwenye iko na kazi ya kujibu: mwalimu, mkulima wa miti mwenye amekubali, ao mmoja wenu na karatasi ya hesabu ku mkono. Sio uso wa mama. Na kati ya mama na hayo maneno muweke kitu, hata plani moja ndefu ya barabara, ili Kuleshov asifanye kazi yake nyuma ya mgongo wenu.

Basi mwanzo uwe nini? Mimi si mtengeneza filamu, ninasema yenye nimeona pale karibu na kwetu kila asubuhi.

Gunia limefungwa juu na majani makavu na kamba iliyopita kama wavu. Bado giza. Kisu kinakata kamba. Hiyo sauti ni nzuri sana, mtu akiweka simu karibu. Majani yanatolewa. Mikono inaingia, inachagua: vipande vikubwa upande huu, vya kati upande ule, vidogo mu ndoo, vumbi chini kabisa. Anachukua kipande, anagonga na kingine. Makala iliyoiva vizuri inalia kama chuma, ile mbichi inatoa sauti ya kufa. Yeye anasikiliza. Sisi tunasikiliza naye. Hapo mtazamaji amejua kitu chenye hakujua: huyu mama ni fundi, iko na sikio. Anapanga mafungu, na unaona namna anaweka kubwa juu ili fungu lipendeze (wateja wote tunajua ile hila, na Ndosho nzima itacheka, na kucheka kule kutamfanya awe wetu). Mteja wa kwanza anakuja, hatumwoni, tunasikia sauti tu. Anaomba apunguziwe. Mama anajibu. Neno la kwanza la filamu liwe lake, na liwe la bei. Anainua kichwa kumtazama mteja, na hapo njo tunaona uso. Jina la filamu.

Nilipima kwa saa ya simu. Inaingia mu sekunde 80, na zinabaki kumi za mbabula ya jirani ikiwashwa kama mtaipenda. Hakuna muziki. Kama mtu anataka piano sana, aiweke ku simu yake ya kuamsha.

Kuna kitu mwanzo huu unapoteza, nisifiche. Mtazamaji wa mbali hatajua mara moja kama hapa kulipita vita. Atajua polepole, ao hatajua. Mu Makala pia hujui vingi juu ya Katanga, migodi na siasa yake, na kuko siku nilitamani kujua zaidi. Ni bei ya kuanza na kazi. Mimi naona bei hiyo inalipika kwa dakika 12, kwa dakika 100 ningefikiri mara mbili.

Mambo mawili ya mwisho kwa wadogo, ya haraka. Mkishapiga na kupanga zile sekunde 90, msiendelee na montaji ya sehemu ingine. Mupeleke simu kwa mama, aangalie na sauti, mara mbili, na watu wa nyumbani kwake wakiwa pale kama anataka. Akisema toa hapa, mnatoa. Akisema makala yangu inaonekana ya chini, mnarudi kupiga siku gunia ni zuri.

Na gunia anafungua saa kumi na moja kasoro, hangojei mtu. Mwenye kamera alale Ndosho usiku ule, asituambie asubuhi kama alikosa moto ya kutoka Himbi.